Kusoma Picha za Maua: Hisia, Taashira na Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa mtu anayesimama mbele ya picha ya chombo cha maua, akahisi kuna jambo linasemwa, asijue aanzie wapi. Mengi yanaihusu Uholanzi na Flanders (leo sehemu ya Ubelgiji) za karne ya 17, kwani huko ndiko picha za maua zilikokomaa. Ufaransa, Hispania na Marekani zimeguswa panapohitajika.

Nianze kutazama nini?

Tazama hali ya maua kabla ya majina yake. Je, yote yamechanua kwa pamoja, au mengine bado ni vitumba na mengine yameanza kulegea shingo? Kuna petali zilizopukutikia mezani? Mwanga unatoka upande gani, na unawahi kufika wapi kabla ya kumezwa na giza? Maua yamepewa nafasi ya kupumua, au yamebanwa hadi yanagusa kingo za picha?

Dakika mbili za maswali hayo zitakupa nusu ya hisia ya picha bila kufungua kitabu chochote. Majina ya maua na maana zake yaje baadaye. Anayeanza na majina huishia kuisoma picha kama orodha ya sokoni.

Kuna kamusi inayoeleza maana ya kila ua?

Ziko nyingi, na nyingi zinapotosha. Vitabu vya "lugha ya maua", vile vinavyosema ua hili ni wivu na lile ni uaminifu, vilipata umaarufu Paris baada ya mwaka 1819, Charlotte de Latour alipochapisha chake, kisha vikaenea Uingereza enzi za Malkia Victoria. Ukikitumia kitabu cha namna hiyo kusomea picha ya mwaka 1618, unambebesha mchoraji maneno yaliyoandikwa miaka 200 baada yake.

Maana ya ua inategemea limechorwa wapi, kwa ajili ya nani, na limewekwa karibu na nini. Chukua waridi. Mwaka 1633 Mhispania Francisco de Zurbarán alichora meza nyeusi yenye vitu vya makundi matatu vilivyopangwa kwa mstari: sahani ya malimau makubwa, kikapu cha machungwa pamoja na maua yake, na sahani ya fedha yenye kikombe cha maji kilichojaa na waridi moja la pinki pembeni yake. Picha hiyo iko Norton Simon Museum, Pasadena. Hakuna mtu, hakuna malaika, hakuna msalaba. Lakini kwa Mkatoliki wa Sevilla wa wakati ule, maji safi na waridi vilimkumbusha Bikira Maria, na vitu kupangwa vitatu vitatu kulimkumbusha Utatu. Ukimya wa picha ile unafanana na altare iliyoandaliwa kabla padri hajaingia.

Waridi hilohilo ukilikuta Amsterdam miaka michache baadaye, limeinama na petali moja imedondoka, linazungumzia muda. Ukilikuta mkononi mwa Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi, ni mapenzi. Ua ni moja, kazi ni tatu.

Lakini yungiyungi jeupe si daima ni usafi wa Maria?

Katika picha za kidini za Ulaya, karibu daima, ndiyo. Malaika Gabrieli hulibeba anapompasha Maria habari. Kabla maua hayajapata picha yake yenyewe yalikuwa yakiishi humo, ndani ya picha za ibada. Mfano mzuri ni kazi kubwa ya altare ya Hugo van der Goes, ya miaka ya 1470, iliyoko Uffizi mjini Firenze. Mbele kabisa, chini, pamewekwa chombo cha udongo na bilauri ya kioo, vyote vina maua. Mtoto Yesu amelala chini kwenye ardhi tupu. Maua yako karibu nasi kuliko wachungaji. Ile bilauri haikuwekwa kwa urembo tu: mwanga unaopenya kioo bila kukivunja ulikuwa mfano uliozoeleka wa Maria kuchukua mimba akiwa bikira.

Karibu mwaka 1485 Hans Memling akachora jagi la maua peke yake, mgongoni mwa picha ya mtu anayesali. Jagi lina herufi za jina la Yesu. Kutoka hapo hadi chombo cha maua kinachotundikwa sebuleni kwa mfanyabiashara, safari ilichukua kama karne moja.

Kwa nini maua ya misimu tofauti yako kwenye chombo kimoja?

Kwa sababu shada lile halikuwahi kuwepo. Picha ya Ambrosius Bosschaert iliyoko Mauritshuis, Den Haag, iliyochorwa yapata mwaka 1618, ina bilauri ya maua dirishani, na nyuma yake mandhari ya mbali yenye rangi ya buluu iliyofifia. Humo kuna tulipi za majira ya kuchipua na mawaridi ya kiangazi, maua ambayo bustani ya Ulaya haikuyatoa kwa wiki moja. Mchoraji aliyachora moja moja yalipochanua, au akatumia michoro yake ya awali, kisha akayapanga. Tazama jinsi karibu kila ua limegeuzwa uso kwako na kupata mwanga sawa na jirani yake. Ni kama picha ya pamoja ya ukoo, ambamo kila mtu ameambiwa asimzibe mwenzake.

Jan Brueghel, mwenzake wa Antwerp, alimwandikia Kardinali Federico Borromeo wa Milano mwaka 1606 kwamba ilimbidi asafiri hadi Brussels kuchora maua ambayo hayakupatikana mjini kwake. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1742, Jan van Huysum alimweleza mteja wake kwamba picha haijakamilika kwa kuwa bado anasubiri waridi la njano lichanue.

Ndiyo maana hisia ya picha hizi si huzuni tupu. Ndani yake kuna majivuno: hapa mkono wa binadamu umekusanya kile ambacho majira yenyewe hayakusanyi. Sisi tunaupoteza mshangao huo kirahisi. Leo mawaridi ya Naivasha yanapanda ndege mwaka mzima kwenda kwenye mnada wa Aalsmeer, hukohuko Uholanzi, na hakuna anayeuliza ni mwezi gani.

Mbona kuna nzi, viwavi na majani yaliyotobolewa?

Hapo ndipo muda unapoingilia. Mchoraji angeweza kabisa kuchora majani mazima. Mashimo ameyaweka kwa makusudi. Katika picha hiyo ya Bosschaert, majani yameshaanza kuliwa huku shada likiwa kwenye kilele cha uzuri wake.

Nzi kwa kawaida huelekeza mawazo kwenye kuoza. Kiwavi ana nyuso mbili: anakula jani, lakini ndiye atakayekuwa kipepeo, na kipepeo kwa Wakristo wa zama hizo aliashiria ufufuko. Ukiwaona wote wawili kwenye picha moja, jiulize ni yupi kawekwa juu na yupi chini. Konokono, sisimizi na kereng'ende huwa nawasoma kwa tahadhari zaidi. Mara nyingi wapo kwa sababu mchoraji anaonyesha ufundi wake, na wanunuzi walifurahia kuwatafuta.

Halafu kuna matone ya maji. Tone la umande kwenye petali ni jambo la dakika chache tu asubuhi. Lichore kwa wiki mbili, na umeshasema unachotaka kusema kuhusu muda.

Fuvu likiwa pembeni ya maua lina maana gani?

Kifo, bila kuzunguka. Hizi ndizo zinazoitwa picha za ubatili, kutokana na lile neno la Mhubiri, "ubatili mtupu". Jacques de Gheyn alichora mwaka 1603 fuvu ndani ya shubaka la jiwe, juu yake povu kubwa linaloelea kama puto la kioo, na upande mmoja ua lililokatwa na kutiwa chomboni. Picha hiyo iko Metropolitan Museum, New York, na huhesabiwa miongoni mwa za kwanza kabisa za aina yake. Povu, ua, moshi, mshumaa, saa ya mchanga: vyote ni ndugu wa familia moja, vitu vizuri visivyokaa.

Waliozitazama picha hizi walikuwa wamelelewa na Isaya 40: "Majani yakauka, ua lanyauka." Msomaji Mwislamu atakumbuka aya ya 20 ya Sura ya Al-Hadid, mimea inayostawi kwa mvua, ikawafurahisha wakulima, kisha ikawa ya njano, kisha makapi. Kwa hiyo picha hizi hazihitaji maelezo marefu kwa watu wa kwetu. Kigeni ni tulipi, mawaidha tunayafahamu.

Kwa nini tulipi zenye michirizi zinaonekana kila mahali?

Kwa sababu zilikuwa ghali ajabu. Michirizi ile myekundu au ya zambarau juu ya nyeupe, kama miali ya moto, ilikuwa dalili ya ugonjwa: virusi vinavyoenezwa na vidukari, jambo lililokuja kuthibitishwa karne ya 20. Wakulima wa wakati ule hawakujua chanzo chake, na hawakuweza kuitoa kwa kutaka, kwa hiyo bei ilipanda. Biashara ya vitunguu vya tulipi ilifikia wazimu majira ya baridi ya 1636 na 1637, ikaanguka Februari 1637.

Sasa, unaisomaje tulipi ya michirizi? Inategemea mwaka. Kwenye picha ya mwaka 1610 ni hazina adimu ya mkusanyaji. Baada ya 1637 mtazamaji hakuweza kuitazama bila kukumbuka anguko lile. Na hata kabla ya anguko dhihaka ilikuwepo: mwaka 1614 Roemer Visscher wa Amsterdam alichapisha mafumbo yenye michoro, na chini ya tulipi akaweka methali kwamba mpumbavu na pesa zake huachana mapema.

Mimi huona hapa ndipo utamu wa picha hizi ulipo. Mwenye nyumba anatundika ukutani mali yake na karipio dhidi ya mali, kwenye fremu moja, na anaridhika na vyote viwili.

Na makombe ya baharini?

Habari ni ileile ya fahari. Makombe mengi yanayoonekana kwenye picha hizi yalitoka Bahari ya Hindi na visiwa vya Asia, yakaletwa na meli za kampuni ya Uholanzi ya biashara ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1602. Rembrandt mwenyewe alichonga bambani, mwaka 1650, kombe la koni lenye madoa meusi na meupe. Visscher aliwacheka wakusanyaji wa makombe pia. Mtu aliyekulia pwani anaweza kushangaa kuona kombe la ufukweni limepewa heshima sawa na waridi, lakini bandari ya Middelburg, Uholanzi, lilifika likiwa limesafiri zaidi ya tajiri aliyelinunua.

Kweli wachoraji walikusudia haya yote, au wataalamu wanajitungia?

Swali zuri, na wataalamu wenyewe wamegombana juu yake. Eddy de Jongh, Mholanzi, alionyesha kuanzia miaka ya 1960 jinsi picha za karne ya 17 zinavyohusiana na vitabu vya mafumbo na methali. Kwake, nyuma ya kitu cha kawaida mara nyingi kuna funzo. Mmarekani Svetlana Alpers akajibu mwaka 1983 kwamba tunazidisha kufumbua mafumbo. Kwake, utamaduni ule ulikuwa wa kutazama: lenzi, ramani, bustani za mimea. Kuchora ua kwa uangalifu kulikuwa ni namna ya kulijua, na kujua kulitosha.

Msimamo wangu: mchoraji akiweka fuvu, saa au kikaratasi chenye maandishi, ametaka usome. Asipoweka, usimlazimishe. Shada lenye petali moja iliyoanguka linaweza kuwa mahubiri, na linaweza kuwa tu jicho la mtu aliyeona petali ikianguka.

Usuli mweusi maana yake ni huzuni?

Hapana. Giza la nyuma huyasukuma maua mbele na kuzipa rangi nguvu. Picha nyingi zenye usuli mweusi zina shangwe tele.

Kama hakuna ishara, hisia inatoka wapi?

Inatoka kwenye mpangilio, mwanga na mkono. Linganisha Bosschaert na Rachel Ruysch wa Amsterdam (1664–1750). Shada la Bosschaert limesimama wima, pande mbili zinalingana, kila kitu kimetulia. La Ruysch linapinda: bua moja linapanda juu upande mmoja, jingine linaanguka kuvuka ukingo wa meza, ua kubwa limegeuka likakuonyesha kisogo. Katikati mwanga ni mkali, pembeni maua yanaingia gizani hadi huyatofautishi na majani. Hapo kuna mwendo, hata wasiwasi kidogo, na hajachora fuvu.

Mfano wa wazi zaidi ni wa Van Gogh. Mei 1890, akijiandaa kuondoka kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Rémy, alichora mashada mawili ya mawaridi na mawili ya airisi. Airisi moja aliiweka mbele ya usuli wa pinki na kumweleza mdogo wake Theo kwamba alitaka upole na mapatano ya rangi. Nyingine aliiweka mbele ya njano kali, rangi zipingane na kuinuana. Maua ni yaleyale, mchoraji ni yuleyule, mwezi ni uleule, na hisia ni mbili.

Kwa hiyo rangi ninazoziona ndizo alizopaka?

Si lazima, na hili watu wengi hawalijui. Ile airisi ya usuli wa pinki, iliyoko Metropolitan, leo ina usuli karibu mweupe, kwa sababu rangi nyekundu aliyoitumia hufifia kwenye mwanga. Maua yake aliyoyaita ya zambarau tunayaona buluu. Mawaridi yake ya wakati huo, yanayosifiwa kwa weupe na utulivu, yalikuwa ya pinki. Mtu anayeandika kurasa mbili juu ya "weupe wa amani" wa mawaridi yale anaeleza kazi ya jua.

Kwenye picha za Kiholanzi, ukiona majani ya buluu isiyo ya kawaida, mara nyingi njano iliyochanganywa kupata kijani imekwisha kufifia, ikabaki buluu peke yake. Vanishi kuukuu nayo hugeuka njano na kuipa picha joto ambalo mchoraji hakuliweka.

Alizeti za Van Gogh zinaonyesha wazimu wake?

La. Zile maarufu alizianza Arles, kusini mwa Ufaransa, mwezi Agosti 1888, akiwa na furaha, kwa ajili ya kupamba nyumba aliyotarajia kuishi na mchoraji mwenzake Gauguin. Ugonjwa ulimlipukia Desemba. Baadaye aliandika kwamba alizeti zake zinabeba wazo la shukrani. Kusinyaa kwa baadhi ya vichwa kupo, ndiyo, alizeti husinyaa. Nasi tunaujua mwisho wa maisha yake, kisha tunauingiza kwenye chombo cha maua ambacho hakikuujua.

Na Mfaransa Manet?

Manet ni kinyume chake: hapa maisha yanaingia kihalali, kwa sababu maua ndiyo yaliyokuwa maisha. Mwaka 1882 na mwanzoni mwa 1883 alikuwa mgonjwa sana, hawezi kusimama kwa muda mrefu kuchora turubai kubwa. Marafiki walimletea maua, akayachora kwa ukubwa mdogo, ndani ya vyombo vya kioo. Alikufa tarehe 30 Aprili 1883 akiwa na miaka 51.

Tazama picha yake ya karnesheni na klematisi iliyoko Musée d'Orsay. Shada ni dogo, halina petali zilizoanguka, halina mdudu. Nusu ya picha ni kioo na maji: mabua yameonekana ndani yakiwa yamevunjwavunjwa na mwanga, kila moja kwa mpigo mmoja au miwili ya brashi. Kwa Waholanzi, kifo kingewekewa kifaa chake mezani. Manet hakuweka chochote. Kasi ya mkono ndiyo inayokugusa, ule wepesi wa mtu asiye na muda wa kurudia.

Kwa nini wanawake wengi walichora maua?

Walizuiwa njia nyingine. Kuchora miili ya watu kulihitaji kusoma mbele ya mtu aliye uchi, darasa ambalo wanawake hawakuruhusiwa. Isitoshe, Mfaransa André Félibien aliposema miaka ya 1660 kwamba picha za historia na dini ziko juu, vitu visivyo na uhai viliwekwa chini kabisa ya ngazi. Wanawake wakaachiwa ngazi ya chini, na baadhi yao wakaifanyia kazi isiyofikiwa. Ruysch alikuwa binti wa Frederik Ruysch, mtaalamu wa miili na mimea. Alijifunza kwa Willem van Aelst, akazaa watoto kumi, akawa mchoraji wa mtawala wa Palatine huko Düsseldorf kuanzia 1708, na alikuwa bado anachora alipovuka miaka 80. Usitafute "upole wa kike" kwenye picha zake. Tafuta mjusi.

Maua makubwa ya Mmarekani Georgia O'Keeffe yanahusu mwili wa mwanamke?

Wakosoaji wengi walisema hivyo tangu miaka ya 1920. Yeye alikataa maisha yake yote, akisema watazamaji wanatundika mawazo yao wenyewe juu ya ua lake. Nadhani tunaweza kuheshimu kauli yake bila kufumba macho: alilikuza ua hadi likajaza turubai ili wakazi wa New York wenye haraka walazimike kulitazama. Ukaribu huo ndio unaoleta hisia ya mwili. Chombo kimeondolewa, meza imeondolewa, na huna pa kusimama isipokuwa ndani ya ua.

Mimi wa pwani naweza kuzisoma picha hizi kwa maana za kwetu?

Kwa hisia, ndiyo. Kwa kueleza mchoraji alikusudia nini, hapana, na ni vyema kutenganisha hayo mawili. Sisi tumezoea maua yanayozungumza: asumini na waridi kwenye taarabu ni mpenzi, na kikuba cha asumini, mkadi na rehani kina ujumbe wake kifuani mwa mwanamke. Lakini kwetu ua hupimwa kwanza kwa harufu. Tulipi iliyowatia watu wazimu Uholanzi aghalabu haina harufu ya maana, na sidhani kama ingepata nafasi kwenye kikuba. Tofauti hiyo inasaidia: inakuonyesha kwamba Waholanzi walilipenda ua kwa macho na kwa mfuko, na kwamba picha zao zimejengwa juu ya kutazama.

Nitaziona wapi bila nauli ya Ulaya?

Rijksmuseum ya Amsterdam, National Gallery of Art ya Washington na Metropolitan zimeweka mtandaoni picha kubwa za kazi zao nyingi, na unaweza kuzipakua bure. Kwa simu, washa skrini kwa mwanga wa juu kabisa, kuza hadi uone nyufa za rangi, na upite polepole kwenye ukingo wa chini wa meza. Huko ndiko wachoraji huwa wameficha nzi, tone, na mara nyingi sahihi yao.